Jinsi ya kuandika historia ya klabu yenu ya futiboli ya Kimarekani huko England

Kama uko England na unachezea, au mtoto wako anachezea, mojawapo ya zile timu za ridhaa zinazoazima kiwanja cha raga jumapili, ulizia nani ameandika klabu ilitoka wapi, mara nyingi utaambiwa hamna. Ni kazi ambayo mtu mmoja anaiweza kabisa na mi naona ifanyike sasa hivi, maana wale walioanzisha hizi timu mwaka 1983, 1984 ni watu wazima wenye wajukuu sasa, na mambo mengi yamo vichwani mwao tu, hayako popote pengine.

Kabla hujamfuata mzee yeyote ujue kwanza picha kubwa, ili akikwambia kitu ujue pa kukiweka. Mchezo wenyewe ulichezwa England zamani, novemba 1910 mabaharia wa meli za kivita za Marekani walicheza mechi pale Crystal Palace, na baadae kambi za jeshi la anga la Marekani kama Lakenheath na Mildenhall kule Suffolk zilikuwa na timu zao. Lakini Waingereza wenyewe kuanzisha klabu, hilo ni jambo la televisheni. Channel 4 ilifunguliwa novemba 1982 ikaanza kuonyesha NFL, yaani ile ligi ya kulipwa ya Marekani, watu wakaona, wakataka kucheza, ndo ikazaliwa klabu ya London Ravens. Mwaka 1983, agosti tarehe 6, timu mbili za NFL zilicheza Wembley, Minnesota Vikings wakawafunga St. Louis Cardinals 28 kwa 10, na mwaka 1986 Chicago Bears na Dallas Cowboys wakajaza uwanja huohuo, Bears wakashinda 17 kwa 6. Kwahiyo klabu yenu ikiwa ilianza katikati ya hiyo miaka jua ilizaliwa kwenye wimbi, mtaani kila mtu alikuwa anaunda timu.

Sasa kitu kitakachokusumbua kuliko vyote ni mwaka wa kuanzishwa. Utaulizia watu watatu utapewa miaka mitatu na wote wako sahihi! Mmoja anahesabu ile siku walikutana baa wakakubaliana, mwingine anahesabu mazoezi ya kwanza bustanini na tisheti tu hamna helmeti wala padi, wa tatu anahesabu mechi ya kwanza wamevaa vifaa kamili. Na vifaa vilikuwa vinaagizwa kutoka Marekani, bei kali, ndo maana kati ya mazoezi na mechi muda mrefu ungeweza kupita. Andika tarehe zote tatu na useme wazi ipi ni ipi, usichague ile inayopendeza kwenye nembo.

Halafu majina. Hizi klabu zinabadili majina, zinahama, zinaungana na jirani, zinakufa zinafufuka na rangi nyingine. Streatham Olympians ndo haohao waliokuja kuitwa London Olympians na kuchukua ubingwa wa Ulaya 1993 na 1994, mtu akitafuta jina la pili peke yake anaikosa miaka ya mwanzo yote. Chora mti kwenye karatasi kubwa kama ule wa ukoo, na kila sehemu timu ilipogawanyika jiulize wachezaji walienda wapi, kocha alienda wapi, helmeti zilienda wapi. Mimi nasema fuata watu. Kama watu 30 walihamia timu mpya na jina la zamani likabaki na watu wawili basi historia yenu imehama na wale 30, hata kama karatasi za ligi zinasema vingine.

Kuhusu ligi usiumize kichwa sana, ila ujue miaka ya 80 zilikuwa zaidi ya moja na zilikuwa zinagombana, Budweiser, wale wa bia, wakaja na hela zao za udhamini wakaondoka, na mwaka 2010 ligi ya BAFL ilikufa kabisa, klabu zikaendelea chini ya BAFA, chama cha mchezo huu Uingereza. Kwahiyo ukiandika "mabingwa" andika mabingwa wa ligi gani, mwaka gani, daraja gani.

Matokeo yahakiki sehemu mbili. Nenda maktaba ya mji uombe gazeti la pale mtaani la miaka hiyo, mara nyingi liko kwenye maikrofilamu, yaani filamu ya picha ndogondogo za kurasa unayoisoma kwa mashine, na tafuta nakala za gazeti la kila wiki lililoitwa First Down, wachezaji wa zamani wengine wamezihifadhi darini. Vijitabu vya mechi ni dhahabu, vina majina na namba za jezi. Ukikuta matokeo ya 1 kwa 0 usifikirie ilikuwa mechi ngumu, kwenye huu mchezo hiyo karibu kila mara ni ushindi wa mezani, timu moja haikutimiza wachezaji.

Ukikaa na wazee usiulize tu kuhusu makombe. Uliza ada ilikuwa shilingi ngapi, yaani pauni ngapi, nani alichora mistari asubuhi, nani alifua jezi, nani aliendesha basi dogo masaa manne kwenda kupigwa halafu masaa manne kurudi. Uliza kuhusu wanajeshi wa Marekani waliokuja kufundisha, na kina mama waliouza chai pembeni, hao hawapo kwenye gazeti lolote na bila wao hamna klabu. Rekodi na simu, omba ruhusa kwanza, na picha za watoto au habari za majeruhi usiweke bila wenyewe kukubali.

Usichanganye na timu za kulipwa. London Monarchs, timu ya kulipwa iliyochukua kombe la World Bowl 1991 Wembley, ni habari nyingine. Lakini mchezaji akitoka kwenu akafika mbali iandike kwa kipimo chake, kama Efe Obada, mzaliwa wa Nigeria, alichezea timu ya ridhaa ya London Warriors mechi tano tu kabla ya Dallas Cowboys kumsajili 2015. Tano ziandikwe tano.

Mkimaliza skanini kila kitu, nakala moja ibaki klabuni, na moja mpeleke ofisi ya kumbukumbu ya kaunti yenu.