Chora bamba la ukuaji kabla ya kukariri majina ya protini

Ninapofundisha protini zinazoongoza ukuaji wa gegedu na mfupa, ubao hukaa muda mrefu bila jina hata moja la protini. Majina yenyewe ni vifupisho vinavyofanana, na aliyeyakariri kabla ya kujua seli ipi inakaa wapi hupotea kwenye mshale wa pili. Chukua karatasi, penseli na kifutio. Kalamu ya wino iache, maana mishale utaifuta sana.

Chora ncha ya mfupa mrefu wa mtoto. Chini kidogo ya kichwa cha mfupa kuna bamba la ukuaji, gegedu tupu. Ligawe matabaka kuanzia juu: seli zilizotulia, seli zinazogawanyika (zichore bapa, zimepangana safu safu), seli zinazojiandaa kunenepa, kisha seli nene. Chini kabisa weka mishipa ya damu na mfupa mpya. Seli nene ndizo huita mishipa hiyo, kwa protini iitwayo VEGF. Nazo zichore kubwa kweli, kwa sababu kunenepa kwao huongeza urefu kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa mshale wa kwanza. Seli zinazojiandaa kunenepa hutoa protini ya ishara iitwayo Ihh. Iandike hapo hapo zilipo, usiiandike pembeni. Mshale wake unapanda hadi juu, ambako seli hujibu kwa kutoa protini nyingine ya ishara, PTHrP. Hii hushuka, hushika kipokezi chake kwenye seli zinazogawanyika, na kuzifanya ziendelee kugawanyika badala ya kunenepa. Seli iliyosogea mbali na PTHrP huanza safari ya kunenepa, na njiani hutoa Ihh. Basi zikiwa nyingi mno zinazojiandaa, Ihh hupanda, PTHrP hupanda, na kunenepa hucheleweshwa. Usiende mbele mpaka uufuate mduara huu kwa kidole bila kusoma ulichoandika. Ihh pia huchochea mgawanyiko moja kwa moja na huamsha seli za kujenga mfupa kwenye utando unaolizunguka gegedu, lakini mishale hiyo ichore myembamba.

Kisha FGFR3, kipokezi cha tatu cha vichochezi vya ukuaji wa fibroblasti, ambayo huwakwaza karibu wote. Jina lake kamili linataja ukuaji, kwa hiyo watu huichorea mshale wa kukuza. Futa: hapa ni breki. Panya wanaokosa jeni yake hurefuka mifupa kupita kiasi. Katika akondroplasia, hali ya kijeni inayofupisha mikono na miguu, kwa karibu wagonjwa wote asidi amino moja ya protini hii, glaisini ya nafasi ya 380, imekuwa aginini, na breki hubaki imekanyagwa. Chanzo hicho kilijulikana mwaka 1994. Pembeni ya FGFR3 weka CNP, protini ndogo ya ishara, ambayo ndani ya seli huzuia njia ya MAPK, yaani mnyororo wa ishara unaotumiwa na FGFR3. Anayezuia kizuizi hurefusha. Ndiyo mantiki ya vosoritaidi, dawa iliyoigwa kwenye CNP na kuidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021 kwa watoto wenye akondroplasia ambao mabamba yao hayajafunga.

BMP, kundi la protini za ishara, sichelewi nazo: hukuza gegedu na mfupa pia, na protini iitwayo nogini huzishika zisizidi. Mwaka 1965 daktari wa mifupa Marshall Urist alionyesha kwamba mfupa uliotolewa madini, ukipandikizwa ndani ya misuli, huotesha mfupa mpya; hiyo ni kazi ya BMP zilizomo. SOX9 na RUNX2, protini zinazowasha jeni, zichore ndani ya kiini cha seli, kwa kuwa hazisafiri kati ya seli. Ya kwanza huibakiza seli kuwa gegedu, ya pili huisukuma kunenepa na kuelekea mfupa.

Mwishowe jipime. Kipokezi cha PTHrP kikikwama kimewashwa, kama katika ugonjwa wa Jansen, miguu itakuwaje? Mifupi, na kalsiamu ya damu hupanda, kwa sababu homoni ya paradundumio nayo hutumia kipokezi hicho hicho. Ukijibu “mirefu” kwa kuwa seli zinagawanyika zaidi, rudi ukatazame tabaka la seli nene.