Jinsi ya kuandika mhusika mwepesi wa hisia na mwenzake asiyejali

Miswada mingi ya michezo ya jukwaani inayonifikia ina ugonjwa mmoja: mkatili anafoka, mpole analia, basi. Kufika ukurasa wa tano hadhira imeshawajua wote wawili na haina tena cha kungoja. Mimi huanza kwingine kabisa. Najiuliza kila mmoja anaona nini chumbani, na nini kinampita.

Hatua ya 1: Weka kitu kimoja mbele yao wote wawili

Kiwe kitu kidogo kinachoshikika mkononi. Tuseme ndugu wawili wanapanga vitu vya marehemu baba yao, na kuna miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi.

KAKA: Hii weka kwenye za kutupa.
DADA: Uzi huu aliufunga mwenyewe.
KAKA: Si ndiyo nakwambia, imevunjika.
(Dada anaivaa. Kaka anafungua sanduku jingine.)

Hakuna tusi wala chozi hapo. Kaka amejibu sawasawa, tena kwa hoja, na hilo ndilo linalouma: ameusikia uzi, hakumsikia dada yake. Angalia pia maelekezo ya jukwaa. Sikuandika “kwa huzuni” wala “kwa ukali”. Maneno ya namna hiyo yafute yote katika rasimu ya kwanza, uone kama tukio linasimama. Lisiposimama, shida iko kwenye majibizano.

Hatua ya 2: Mpe asiyejali sababu yake

Fupi tu: mwenye nyumba anataka vyumba kesho, na kaka ndiye anayelipa. Mtu asiye na sababu ni shetani wa hadithi, na shetani haigizwi zaidi ya mara moja.

Hatua ya 3: Mpe mwepesi wa hisia deni

Hapa waandishi wengi wanaogopa, kwa sababu wanampenda mno mhusika huyu. Lakini mtu anayehisi sana huweza kuwaumiza wengine kwa hizo hizo hisia zake. Tazama alichofanya Mmarekani Tennessee Williams mwaka 1947, katika tamthilia yake A Streetcar Named Desire, kwa Blanche na shemeji yake Stanley. Blanche ni mtu wa kuchubuka upesi, ila anadanganya, na anamsema Stanley kwa mkewe kwamba ni kama nyani, bila kujua kuwa mwenyewe anasikia. Siku ya kuzaliwa ya Blanche inapofika, Stanley anamkabidhi zawadi: tiketi ya basi ya kumrudisha alikotoka. Ukatili ule unatutisha kwa sababu tumeona deni likikusanyika. Kama Blanche angekuwa malaika tungemhurumia tu, kisha tukaenda kulala.

Kwa hiyo yule dada wa miwani, alikuwa wapi baba alipougua? Mwache kaka aulize hilo mara moja tu, tena akiwa anafunga boksi.

Hatua ya 4: Ondoa hatari, usikilize kiwakilishi cha kwanza

Mtu asiyejali hujifichua zaidi shida inapokwisha kuliko inapowadia. Henrik Ibsen, mwandishi wa tamthilia wa Norway, alilijua hilo. Katika A Doll's House, tamthilia yake ya mwaka 1879 kuhusu Nora na mumewe Torvald, hati ya mkopo ambayo Nora alighushi saini yake, na iliyokuwa imeitishia ndoa yao, inarudishwa, na Torvald anapaza sauti kwamba ameokoka. Yeye. Nora anauliza: na mimi? Ndipo mume anajibu kuwa naye pia, bila shaka. Torvald hapo hajamkasirikia mtu, ana furaha tele. Kwangu mimi, ndoa ile inavunjikia kwenye mistari hiyo michache, hata kama Nora anaondoka na kufunga mlango baadaye.

Andika tukio lako la namna hiyo: habari njema inaingia, na mmoja anamsahau mwenzake.

Hatua ya 5: Mazoezini, badilishaneni nafasi

Mwigizaji wa kaka asome dada, wa dada asome kaka. Asiyejali aseme kwa upole, kama anayetoa msaada. Mwepesi wa hisia azuiwe kulia. Mpe kazi ya mikono, kukunja nguo au kuhesabu sahani. Mwigizaji akikwambia hawezi kulisema neno fulani bila kufoka, usimlazimishe: liwekee alama. Wakirudi kwenye nafasi zao na neno bado linagoma mdomoni, likate.