Usiulize "ipo?", jinsi ya kumjua muuzaji asiye na mzigo kabla hujatuma hela

Swali la kwanza ambalo karibu kila mtu anamuuliza muuzaji wa mtandaoni ni "ipo?" na jibu ni lile lile siku zote, "ipo boss, karibu". Hilo swali halina kazi. Kuandika ipo hakumgharimu mtu chochote, ukishalipa ndo anaanza kuhangaika kuitafuta na akiikosa ndo unaanza kupigwa kalenda, mara mzigo uko njiani, mara kijana wa stoo anaumwa. Kwa hiyo hapa naelezea namna ya kuuliza ili jibu lenyewe likuonyeshe kama mtu ana kitu mkononi au ana picha tu kwenye simu.

Kwanza tuelewane, si kila asiye na mzigo ni tapeli. Kuna winga anayeuza vya mwenzake akapata chake cha juu, kuna anayekusanya oda ndo anaagiza, na kuna wa dropshipping, yani we unamlipa yeye, yeye anaagiza kwa msambazaji, msambazaji anakutumia moja kwa moja na muuzaji mwenyewe hajawahi hata kukigusa hicho kitu. Hizo zote ni biashara, mradi akwambie mapema. Hata majukwaa makubwa yanatofautisha: eBay wanaruhusu mtu auze mzigo ulioko kwa msambazaji wa jumla anayefanya naye kazi, ila hawaruhusu uweke tangazo halafu mteja akilipa we ndo ukakinunue kwenye duka lingine la rejareja wamtumie kutoka huko. Amazon nao wanataka muuzaji ajitambulishe yeye kwenye karatasi na kwenye boksi, mteja asifungue parseli akakuta jina la duka jingine kabisa. Tunayemzungumzia hapa ni yule anayeandika "mzigo upo, unatoka leo leo" na anajua kabisa haupo.

Kwa nini wanafanya hivyo? Wengine tangazo lao lina riviu nyingi, kitu kikiisha hawataki kulishusha wakaanza upya. Wengine ni chambo, kile cha bei poa huwa "kimeisha sasa hivi" kila ukiuliza ila kuna kingine kimepanda kidogo. Na wengine wala si mtu, ni programu inanakili matangazo ya wenzake na kuongeza bei juu. Aprili 2011 kitabu kimoja cha biolojia ya nzi kilifika zaidi ya dola milioni 23 pale Amazon, kweli milioni, na mwanabiolojia Michael Eisen akakaa kuzifuatilia zile bei akaona ni wauzaji wawili wanaotumia programu, mmoja anajiweka chini kidogo tu ya mwenzake, mwingine anajiweka kama asilimia 27 juu ya yule, basi zikawa zinasukumana kila siku. Sasa nani anajiweka juu makusudi? Maelezo ya Eisen ni kwamba huyo wa juu huenda hakuwa na kitabu kabisa, alikuwa anategemea riviu zake nzuri zimletee mteja, halafu akanunue kwa yule wa chini ampelekee. Mchezo huo upo sana kwenye vitabu vilivyotumika, utakuta kopi ile ile moja inauzwa na watu sita.

Haya, tuanze na picha. Ihifadhi au ipige skrinishoti, ipitishe Google Lens au TinEye, zile za kutafuta kwa picha, uone imetokea wapi. Kama ni kitu kipya, picha kuonekana maduka mengi si kosa, ni picha ya kiwandani, kila mtu anaitumia. Lakini kama tangazo linasema kimetumika na picha iko kwa wauzaji watano, hapo maliza mazungumzo. Angalia pia picha zenyewe kwa zenyewe: moja sakafu ya vigae, nyingine meza ya mbao, ya tatu ina alama ya duka imefutwa kwa kidole pembeni, huyo kaokoteza. Na ukiona saizi zote na rangi zote zipo kwa mtu anayeuzia chumbani kwake, jiulize anaziweka wapi.

Halafu ndo uulize, na hapa ndo penyewe. Omba kitu ambacho ni mtu aliyekishika tu anaweza kukupa. Usiombe "picha nyingine", hizo anazo kibao kashushia huko huko. Kama ni kiatu mwambie akugeuzie ule ulimi wa ndani aipige picha ile lebo ya saizi, na pembeni kuwe na karatasi imeandikwa jina lako na tarehe ya leo. Kama ni nguo aitandaze chini aweke futi kutoka kwapa hadi kwapa. Laptop, ikiwa imewashwa, skrini inaonyesha hali ya betri na saa. Kitabu kilichotumika, muulize kurasa za mwanzo zimeandikwa nini kwa kalamu na mgongo ukoje, mwenye kitabu atakwambia kuna jina la mtu na doa la chai, asiye nacho atakujibu "condition nzuri boss".

Simu ndo rahisi kuliko zote. Mwambie arekodi video fupi anabonyeza *#06#, ile IMEI, yani namba ya utambulisho wa simu ya tarakimu 15, itokee kwenye skrini, halafu bila kukata video aigeuze simu uone mgongo na pembe zake. Mwache azibe tarakimu chache za mwisho kama anaogopa, ana haki, IMEI si kitu cha kumwagia watu. Unachotaka ni kuona mkono wake na simu viko sehemu moja. Hakuna picha ya kupakua inayoweza kufanya hivyo.

Sikiliza anavyojibu zaidi ya anachojibu. Mwenye mzigo anakwambia "subiri nifike dukani saa kumi nikutumie", na anatuma kweli, picha imekaa upande na mwanga mbovu. Asiye nao anakuja juu, "kama huniamini acha", "wateja wangu hawaniulizi hivyo", au anakukimbiza na ofa inayoisha usiku. Wauzaji waaminifu wapo wanaochoka na maswali, nawaelewa, lakini picha moja ni sekunde 20, na anayetaka kuuza hakosi sekunde 20.

Swali la pili: inatoka wapi na inatoka lini. Ulizia zote mbili pamoja. Akisema ipo hapa hapa halafu muda wa kufika ni wiki tatu hadi tano, hesabu hazikai, hiyo inaagizwa nje baada ya we kulipa. Na ukishalipa akikupa namba ya kufuatilia mzigo, isome vizuri. Namba za posta za kimataifa zina herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za mwisho ambazo ni nchi iliyoutuma, kwa hiyo ikiishia CN mzigo umetumwa kutoka China hata kama alikuapia uko stoo kwake. Makampuni ya kusafirisha ya binafsi yana namba zao tofauti, huko hiyo haifanyi kazi. Kingine, namba kuwepo haimaanishi mzigo umetoka. Mtu anaweza kutengeneza lebo ya kubandika kwenye parseli leo akakutumia namba ili mfumo uone katuma, kumbe bado anautafuta. Ukiona inasema tu lebo imetengenezwa, siku zinapita na hakuna mahali mzigo umeskaniwa, hujatumiwa kitu.

Kwenye kulipa, kama kuna njia ya kulipa ukishakiona, tumia hiyo, mengine yote ni mbwembwe. Kama lazima utangulize basi lipia ndani ya jukwaa, usikubali "tutoke huku nikupunguzie". Kwenye PayPal akikwambia tuma kama kwa ndugu na marafiki ili kukwepa makato, kataa, malipo ya aina hiyo hayana ulinzi wa mnunuzi.

Sasa umelipa na anakwambia kimeisha. Mara nyingi atakuomba wewe ndo ukanseli, uchague sababu kwamba umebadilisha mawazo. Usikubali! Pale eBay muuzaji akikanseli kwa sababu hana mzigo anahesabiwa kosa, na Amazon anatakiwa oda anazokanseli yeye zisifike asilimia 2.5, ndo maana anataka lawama ihamie kwako. Mwambie akanseli mwenyewe kwa sababu ya kweli. Asikuletee na "chukua hii nyingine inafanana" kama huitaki, we ulilipia ile, na hela irudi kule kule ilikotoka.

Sheria nazo zipo upande wako sehemu nyingi. Marekani kuna kanuni ya tangu 1975 inayomtaka muuzaji awe na msingi wa kuamini kwamba atatuma ndani ya muda alioutangaza, na kama hakutaja muda ni siku 30, akichelewa lazima akuulize kama unasubiri au urudishiwe hela. Umoja wa Ulaya nao ni siku 30 mzigo uwe umekufikia, labda mmekubaliana vingine. Ila sheria haikusaidii kama huna ushahidi, kwa hiyo piga skrinishoti ya tangazo lenyewe siku unayolipa, pale palipoandikwa "mzigo upo", kwa sababu mkianza kuvutana atalihariri, na chati zote ziwe ndani ya jukwaa, sio simu za kupiga ambazo hazina rekodi.

Na angalia kalenda. PayPal wanakupa siku 180 tangu ulipolipa kufungua malalamiko, eBay siku 30 baada ya tarehe ya mwisho mzigo ulipotakiwa kufika, benki iliyokupa kadi nayo ina muda wake, waulize mapema. Zile "subiri wiki moja tu ndugu yangu" mara nyingi zinavuta muda mpaka dirisha lifungwe. Ukishafungua malalamiko atakuja mpole kweli, "funga hiyo kesi kwanza nikurudishie, mfumo unanizuia". Usifunge. Pale PayPal malalamiko ukishayafunga huwezi kuyafungua tena, na kurudisha hela anaweza kabisa kesi ikiwa wazi. Mjibu kwa mstari mmoja tu kwamba hela ikiingia kwenye akaunti yako utafunga siku hiyo hiyo, halafu uache kuchati naye.