Jinsi ya Kuchagua Mashine ya Kupigia Msasa kwa Umaliziaji wa Fenicha na Makabati

Mikwaruzo isiyoonekana kwenye mbao kavu hujitokeza waziwazi mara tu rangi ya mbao au vanishi inapopakwa, na hapo fundi hulazimika kukwangua na kuanza upya. Kwa hiyo mashine ya umaliziaji huchaguliwa kwa kuangalia alama inazoacha kwenye mbao, wala si kwa nguvu ya mota pekee, ingawa nguvu ndiyo inayotangazwa zaidi kwenye maboksi.

Hatua ya 1: Tambua kazi yako kubwa ni ipi

Mashine ya mkanda hula mbao haraka na inafaa kusawazisha viungo vilivyopishana, lakini haifai kumalizia. Ngozi ya juu ya plaiwudi mara nyingi haifiki unene wa milimita 1, na mkanda unaweza kuitoboa kabla hujainua mkono. Kwa meza, milango ya kabati na fremu, chagua mashine ya duara ambayo kitako chake, yaani sahani ya chini inayobandikwa msasa, huzunguka na papo hapo kuyumba kwenye kiduara kidogo. Kwa kuwa mwendo huo haufuati upande mmoja, unaweza kupita juu ya kiungo ambapo nyuzi za mbao hukutana kwa pembe mraba bila kuacha mistari mirefu inayokata nyuzi. Pembe za ndani za droo na makabati huhitaji mashine ndogo ya mraba au ya pembetatu, nayo inunuliwe baadaye kama ya pili.

Hatua ya 2: Soma kipimo cha myumbo

Kipimo hiki hupuuzwa na wengi, nami hukitazama kabla ya kingine chochote. Ni kipenyo cha kile kiduara ambacho kitako huyumba ndani yake, na huandikwa kwa milimita kwenye maelezo ya mashine. Myumbo wa milimita 5 huondoa mbao kwa kasi na huacha mikwaruzo mikubwa zaidi. Ule wa takribani milimita 2.5 huenda taratibu na kuacha uso laini. Ukiweza kununua moja tu, na mbao zako huwa zimekwisha kupigwa randa vizuri, chukua yenye myumbo mdogo.

Hatua ya 3: Chagua kitako

Vipenyo vya kawaida ni milimita 125 na 150. Kitako cha 150 kina eneo kubwa zaidi kwa asilimia 44, jambo linalosaidia sana kwenye meza pana, ila mashine yake huwa nzito ukipiga msasa mlango uliosimama. Kitako kigumu hulinda kingo zibaki kali, wakati kile laini hufuata mviringo na huzila kingo usipokuwa mwangalifu.

Hatua ya 4: Kagua njia ya vumbi

Vumbi linalobaki kati ya msasa na mbao hujikusanya kuwa vidonge vidogo vigumu, navyo huchora mikwaruzo ya kujisokota kama mkia wa nguruwe. Hakikisha matundu ya kitako yanalingana na ya msasa unaopatikana kwa urahisi, na kwamba mdomo wa mashine unapokea bomba la kifyonza vumbi, kwa sababu mfuko mdogo unaokuja na mashine hautoshi. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu; barakoa bado ni lazima.

Hatua ya 5: Angalia kidhibiti mwendo na breki

Kati ya tabaka moja la vanishi na jingine, mwendo wa kasi huleta joto, vanishi hulainika na kuziba msasa, hivyo kidhibiti mwendo kinahitajika. Breki ya kitako nayo huzuia kisizunguke ovyo kikiwa hewani na kuchimba mbao kinapogusa. Kuhusu chanzo cha nguvu, waya unatosha kwa karakana nyingi. Mashine ya hewa ni nyepesi lakini hudai kompresa kubwa.

Hatua ya 6: Ijaribu kwenye kipande cha mbao

Chora mistari ya penseli juu ya kipande kizima, kisha piga msasa namba 120 bila kukandamiza, kwa mwendo wa takribani sentimita 2 hadi 3 kwa sekunde, mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja. Rudia kwa namba 150, kisha 180. Pangusa vumbi, lowanisha kwa spiriti, na mulika taa kutoka ubavuni, karibu kabisa na uso wa mbao. Ukiona mikwaruzo ya kujisokota, badilisha msasa na ujaribu tena. Ikijirudia ilhali msasa ni mpya na bomba limeunganishwa, chagua mashine nyingine.