Somo: Namna ya kupakua Tor Browser na kuhakiki sahihi yake kabla ya kuisakinisha

Wanachama wenzangu,

Swali la namna ya kujua kama kivinjari kilichopakuliwa ni halisi au ni cha kughushi limeulizwa hapa mara nyingi mno, na kila mara nimelijibu vipande vipande, jibu moja chini ya mada hii na jingine chini ya mada ile, hata anayefika leo hawezi kuyaunganisha. Nimeona ni heri niyaweke yote mahali pamoja, na kuanzia sasa atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Mfano wangu ni Tor Browser, kivinjari kinachosaidia kuficha utambulisho wa mtumiaji mtandaoni, ingawa utaratibu ni uleule kwa programu yoyote inayotolewa pamoja na sahihi ya kidijitali, yaani muhuri wa kihesabu unaoonyesha nani alilitoa faili na kama limebadilishwa.

Wapo wanaodhani kwamba programu bandia hujitambulisha yenyewe, kwa kugoma kufanya kazi au kwa kuonekana tofauti. Sivyo. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya ESET walieleza kuhusu Tor Browser ya kughushi iliyosambazwa kwa wasemaji wa Kirusi kupitia tovuti zilizofanana na ile halisi, ambayo ilibadilisha kimyakimya anwani za bitcoin ili malipo yaende kwa wezi. Mwaka 2022 kampuni ya Kaspersky ilieleza kisa kingine, ambapo kiungo cha kisakinishi kilichochezewa kiliwekwa chini ya video ya YouTube kwa lugha ya Kichina. Toleo hilo lilihifadhi historia ya kuvinjari na yale ambayo mtumiaji aliyajaza katika fomu za tovuti. Katika visa vyote viwili kivinjari kilifunguka na kufanya kazi, na aliyekitumia hakuwa na sababu ya kushuku.

Hatua ya 1: Anwani. Andika mwenyewe https://www.torproject.org/download/ katika kivinjari ulicho nacho. Usipitie tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji, wala kiungo ulichotumiwa. Mwaka 2021 matangazo ya Google yaliwapeleka watu waliotafuta kivinjari cha Brave kwenye tovuti ya bravė.com, tazama kwa makini herufi ya mwisho kabla ya nukta, na utaona kuwa ina kitone juu yake. Tovuti hiyo ilikuwa na cheti halali na alama ya kufuli, kwa sababu kufuli huthibitisha tu kuwa mawasiliano yamesimbwa kati yako na mwenye anwani hiyo, wala halisemi kama mwenye anwani ni mtu mwema.

Hatua ya 2: Mafaili mawili. Pakua kisakinishi cha mfumo wako, kisha pakua faili la sahihi kutoka kwenye kiungo kilichoandikwa “Signature” karibu na kitufe cha kupakulia. Jina lake ni lilelile la kisakinishi, likiongezewa .asc mwishoni. Yaweke yote katika folda moja na usiyabadilishe majina.

Hatua ya 3: GnuPG. Hii ndiyo programu ya kukagulia sahihi. Kwenye Linux mara nyingi imo tayari. Kwenye Windows sakinisha Gpg4win kutoka gpg4win.org, na kwenye macOS sakinisha GPG Suite kutoka gpgtools.org.

Hatua ya 4: Ufunguo, na alama yake. Hapa ndipo wengi hukosea, na anayekosea hapa hata hatambui, kwa sababu hatua inayofuata itampa jibu zuri huku akiwa amedanganywa. Kwa hiyo naomba isomwe polepole.

Fungua terminali, au kwenye Windows dirisha la amri, kisha andika:

gpg --auto-key-locate nodefault,wkd --locate-keys torbrowser@torproject.org

Amri hii huuleta ufunguo wa umma wa watengenezaji, yaani ule usio siri unaotumika kukagua sahihi zao, kutoka kwenye seva za torproject.org. Kwenye skrini itatokea alama ya ufunguo, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 40. Inapaswa kuwa hii:

EF6E 286D DA85 EA2A 4BA7 DE68 4E2C 6E87 9329 8290

Ilinganishe yote, kundi kwa kundi, tangu mwanzo hadi mwisho. Usitosheke na jina linaloonekana kando ya ufunguo, kwani mtu yeyote anaweza kutengeneza ufunguo kwa dakika moja na kuupa jina na baruapepe anayotaka, ikiwemo ya watengenezaji wa Tor. Usitosheke pia na herufi nane za mwisho. Mwaka 2014 watafiti wawili walionyesha kuwa kompyuta ya kawaida yenye kadi ya michoro inaweza kutengeneza ufunguo mpya ambao herufi zake nane za mwisho zinafanana kabisa na za ufunguo wa mtu mwingine, na kwa sekunde chache tu. Herufi zote 40 haziigiki kwa njia hiyo.

Tena, usiniamini mimi peke yangu. Andiko langu ni chanzo kimoja tu. Mimi mwenyewe naweza kuwa mdanganyifu, au mtu mwingine anaweza kuingia katika akaunti yangu na kubadilisha herufi mbili. Itafute alama hiyo mahali pengine pasipohusiana na mahali ulipopakulia faili: katika nakala za zamani za ukurasa wa Tor zilizohifadhiwa na Internet Archive, katika maelezo ya miradi mingine inayotumia ufunguo huo, au kwa mtu unayemfahamu ambaye aliuhakiki zamani. Mshambuliaji aliyeiteka tovuti moja anaweza kubadilisha kisakinishi, sahihi na ufunguo kwa pamoja, na vyote vitatu vikakubaliana vizuri. Kinachomshinda ni kuzibadilisha nakala zilizokwisha kuenea kila mahali kwa miaka mingi.

Hatua ya 5: Kuhakiki. Ingia katika folda yenye mafaili yako, kisha andika amri hii ukiweka jina halisi la faili lako:

gpg --verify JINA-LA-FAILI.asc JINA-LA-FAILI

Unachotafuta ni mistari miwili kwa pamoja: ule wenye maneno “Good signature” na ule wenye maneno “Primary key fingerprint”, ambao lazima uonyeshe alama ya hatua ya 4. Mstari wa kwanza bila wa pili hautoshi, kwani sahihi ya tapeli nayo ni nzuri kwa ufunguo wa tapeli.

Karibu kila mtu ataona pia onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa kwa sahihi inayoaminika. Onyo hilo halisemi kuwa faili ni baya. Linasema tu kuwa wewe hujaiambia GnuPG kwamba unamwamini mwenye ufunguo, na kulinganisha alama kwa mkono ndiko kunakoziba pengo hilo.

Yakitokea maneno “BAD signature”, usilifungue faili hilo. Huenda upakuaji ulikatika njiani, huenda umechezewa. Vyovyote iwavyo, lifute na upakue upya.

Hatua ya 6: Sakinisha. Baada ya hapo kivinjari hujisasisha chenyewe na hukagua sahihi ya kila sasisho, kwa hiyo huna haja ya kurudia haya yote kila toleo jipya linapotoka.

Maswali ya wanachama

Msafiri_K: Mkuu, mimi nimetumiwa faili na rafiki kwenye kundi letu, halina hiyo .asc. Naweza kuliscan tu na antivirus halafu niendelee?

Jibu: Hapana. Lifute, kisha anza na hatua ya 1.

Msafiri_K: Lakini antivirus imesema ni safi, na rafiki mwenyewe analitumia bila shida yoyote.

Jibu: Ndugu, nimeeleza katika aya ya pili kwamba matoleo ya kughushi nayo yalitumika bila shida yoyote. Antivirus hutambua hasa yale inayoyajua au yanayofanana na inayoyajua, na programu iliyochezewa jana inaweza kuipita. Sahihi hujibu swali tofauti kabisa, nalo ni kama faili hili ndilo lililotoka mikononi mwa watengenezaji, bila kubadilishwa hata biti moja.

Bint_Hisabati: Shikamoo mwalimu. Naona tovuti nyingine hutoa heshi ya SHA-256 badala ya sahihi. Je, hiyo haitoshi? Nami ningependa kuelewa tofauti yake, si kufuata amri tu.

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa swali hili. Heshi ya SHA-256 ni mfuatano wa herufi 64 unaokokotolewa kutoka kwenye faili zima, na ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, mfuatano wote hubadilika. Kwa hiyo inafaa sana kujua kama faili limefika zima. Tatizo ni kwamba mtu yeyote anaweza kuikokotoa, kwa kuwa haihitaji siri. Aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti anaweza pia kubadilisha heshi iliyoandikwa kando yake. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kubadilisha viungo ili watu wapakue toleo lenye mlango wa nyuma. Katika hali kama hiyo, heshi iliyo kwenye ukurasa uleule haiwezi kutegemewa kuwa shahidi.

Sahihi huanza na heshi pia, lakini heshi hiyo hupitishwa katika hesabu inayohitaji ufunguo wa siri. Ufunguo wa umma unaweza kuikagua hesabu hiyo, ila hauwezi kuitengeneza. Mdukuzi aliyeiteka seva ya tovuti hapati ufunguo wa siri kama haukuhifadhiwa humo. Ukitaka kuona heshi kwa macho yako, tumia sha256sum kwenye Linux, shasum -a 256 kwenye macOS, au certutil -hashfile JINA-LA-FAILI SHA256 kwenye Windows. Fanya jaribio: tengeneza faili la maandishi, pata heshi yake, ongeza nukta moja, kisha ipate tena.

Bint_Hisabati: Nimefanya. Hakuna kilichobaki kama kilivyokuwa! Kwa hiyo orodha ya heshi iliyotiwa sahihi ingefaa?

Jibu: Ingefaa kabisa, na ipo. Katika folda ya kila toleo kuna faili la sha256sums-signed-build.txt pamoja na .asc yake. Unahakiki sahihi ya orodha mara moja, kisha unalinganisha heshi za mafaili mengi kadiri utakavyo.

Simba_Mtandao: Nimepata WARNING, je nimedukuliwa?

Jibu: Hatua ya 5, aya ya tatu.

Simba_Mtandao: Ungeweza kujibu tu badala ya kunirudisha juu.

Jibu: Jibu liko juu, nami nililiandika kwa uangalifu ili nisilifupishe vibaya hapa. Katika jambo la usalama, jibu la nusu linaweza kukufanya uamini faili usilopaswa kuliamini.

Fundi wa Usiku: Mwaka jana nilifuata utaratibu huu ukakubali. Leo, kwa toleo jipya, naambiwa “No public key”, na hali ufunguo ninao.

Jibu: Ufunguo mkuu unao, lakini sahihi hutiwa kwa ufunguo mdogo ulio chini yake, na funguo ndogo huisha muda na kubadilishwa. Nakala yako ni ya zamani, haina ufunguo mdogo mpya. Rudia amri ya hatua ya 4 ili uisasishe, kisha hakikisha tena kuwa alama ya ufunguo mkuu haijabadilika, kwa sababu hiyo ndiyo inayodumu.

Mama Imani: Mwanangu, ninapoishi tovuti ya Tor imefungwa. Nifanyeje?

Jibu: Mama, andika baruapepe kwa gettor@torproject.org, na ndani yake utaje mfumo wako, kwa mfano “windows”. Utajibiwa kwa viungo vya mahali pengine faili linapohifadhiwa. Shirika la EFF, linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, nalo lina nakala ya tovuti hiyo katika tor.eff.org. Ubora wa sahihi ni kwamba njia lililopitia faili haina uzito tena. Hata likifika kwa kadi ya kumbukumbu kutoka kwa mtu usiyemjua, likikubaliana na alama ya hatua ya 4 ni salama kama lililopakuliwa kwa watengenezaji wenyewe. Ila kwa hali yako, hatua ya 4 ndiyo usiyoweza kuiruka.

Kijana_Simu: Na sisi wa simu je?

Jibu: Kwa Android, tumia Google Play, au F-Droid (duka la programu huria) kupitia hazina ya Guardian Project, au APK (faili la kusakinishia la Android) ya tovuti rasmi, ambayo nayo ina .asc. Android yenyewe hukataa sasisho lililotiwa sahihi kwa ufunguo tofauti na ule wa mara ya kwanza, kwa hiyo usakinishaji wa kwanza ndio wa kuangaliwa sana. Kwa iPhone hakuna Tor Browser. Mradi wa Tor hupendekeza Onion Browser, nawe ifuate kupitia kiungo kilicho kwenye tovuti yao, maana zipo programu nyingine zenye majina yanayokaribiana.

Fundi wa Usiku: Nyongeza kwa wanaotumia Mullvad Browser, kivinjari cha kampuni ya Mullvad kilichotoka mwaka 2023 kwa ushirikiano na mradi wa Tor: nimeona sahihi yake ni ya ufunguo huuhuu.

Jibu: Ni kweli, na ahsante. Kurasa za Mullvad zinaonyesha alama ileile, kwa hiyo zinafaa kuwa mojawapo ya vyanzo vya kulinganishia.

Bint_Hisabati: Mwalimu, swali la mwisho. Ikiwa kompyuta ya mtengenezaji mwenyewe imedukuliwa kabla hajatia sahihi, sahihi itakuwa nzuri na faili litakuwa baya. Hilo linazuiwaje?

Jibu: Umegusa mahali ambapo sahihi pekee haifiki. Tangu mwaka 2013, kuanzia toleo la 3.0, Tor Browser hutengenezwa kwa namna ambayo watu tofauti, kila mmoja kwenye kompyuta yake, wakianza na msimbo uleule wanapata mafaili yanayolingana biti kwa biti. Kompyuta moja ikiwa na ugonjwa, heshi yake itatofautiana na za wengine na tofauti itaonekana kabla ya sahihi kutiwa. Msimbo wenyewe uko wazi, nawe unaweza kuujenga na kulinganisha matokeo yako na sha256sums-unsigned-build.txt. Tumia orodha hiyo, si ile niliyoitaja mwanzo, kwa sababu kisakinishi cha Windows huongezewa sahihi ya Windows baada ya kujengwa, na heshi yake hubadilika hapo.