Namna ya kumlea mtoto ambaye baba na babu yake walifungwa kwa kumwaga damu

Mwongozo huu nimemwandikia mama, bibi, shangazi au mjomba aliyeachiwa mtoto ambaye baba yake yuko gerezani kwa kuua au kujeruhi, na ambaye babu yake naye aliwahi kufungwa kwa makosa ya aina hiyo. Mlezi huyu huwa na hofu asiyothubutu kuitamka, kwamba na huyu mdogo atapita njia ileile. Jirani na ndugu hawampunguzii mzigo, kwa kuwa kila mtoto anapogombana na wenzake wao hukumbushana kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka.

Hofu hiyo ina sababu. Uchunguzi ulioanza mwaka 1961 kusini mwa London uliwafuatilia wavulana 411 na jamaa zao kwa miongo kadhaa, ukabaini kwamba nusu ya hukumu zote za jinai zilizowaangukia watu hao zilitoka katika familia zisizofika asilimia 6. Lakini mtafiti wa Marekani, Cathy Spatz Widom, alichapisha mwaka 1989 habari za watoto 908 waliothibitishwa mahakamani kuwa waliteswa au kutelekezwa, na kufikia wakati huo waliokuwa wamekamatwa kwa makosa ya ukatili walikuwa asilimia 11, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao wasiopitia mateso hayo. Tofauti ipo, wala haifai kupuuzwa. Hata hivyo, karibu watoto 9 katika kila 10 walioteswa hawakufika huko, na mlezi anapaswa kuanzia hapo.

Anza kwa kupiga marufuku neno "damu" nyumbani mwako. Mtoto wa miaka sita akimpiga mwenzake, kisha akasikia bibi akisema, "Huyu ni baba yake mtupu," haelewi kuwa anaonywa. Anaelewa kuwa ametambulishwa. Akifika miaka kumi na minne atalitumia neno hilohilo kujitetea, kwamba ndivyo alivyozaliwa. Taja kosa lenyewe na madhara yake: "Umempiga mwenzako, mdomo wake umevimba, twende ukamwombe radhi." Kisha nenda naye kweli, usimtume peke yake.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kumwambia ukweli. Familia nyingi husema baba amesafiri. Uongo huo hudumu mpaka siku mtoto mwenzake atakapoutoboa shuleni kwa kejeli, na siku hiyo mtoto hupoteza imani na baba pamoja na wewe uliyemficha. Usingoje aulize mara ya tatu. Akija jioni, amesimama mlangoni, hajavua hata viatu, akasema, "Bibi, eti baba aliua mtu?" acha ulichokuwa ukifanya, kaa chini uwe sawa na uso wake, umjibu: "Ndiyo, mjukuu wangu. Alimpiga mtu kwa hasira, na mtu yule akafa. Lilikuwa kosa kubwa, ndiyo maana amefungwa. Wewe hukukosa lolote. Nampenda kwa kuwa ni mwanangu, ila alilotenda silikubali." Usiongeze habari za jeraha wala za kisu kwa mtoto mdogo, akikua atauliza zaidi, nawe utamjibu zaidi. Na usisahau kumtaja aliyeuawa, kwamba naye alikuwa na watu wake wanaomlilia, maana simulizi nyingi za koo hizi humfuta kabisa.

Hapo ndipo wanapoingia wajomba na baba wadogo wanaosimulia ugomvi wa zamani kwa fahari na vicheko, huku mtoto akisikiliza kwa macho makubwa. Wakatize kwa heshima, lakini mbele yake. Mkiwaheshimu wazee kwa kunyamaza, mtoto atahesabu kuwa mmekubali.

Fimbo nayo iache. Najua walezi wengi huamini kwamba mtoto wa ukoo huu anahitaji kuchapwa zaidi ili anyooke, ilhali kinachomfundisha ni kuwa mwenye nguvu akikasirika hupiga. Mfundishe la kufanya kabla mkono haujanyanyuka: ajue dalili zake mwenyewe, kama taya kukaza au masikio kupata moto, na awe na ruhusa ya kutoka chumbani bila kuitwa mwoga. Mfanyie mazoezi hayo siku ambayo ametulia.

Akiingia ujanani, chunga mambo mawili kuliko mengine: kaka au binamu mkubwa ambaye tayari yuko kwenye makundi, na silaha yoyote iliyofichwa nyumbani. Silaha iondoke. Ndugu akiumizwa, usimwache kijana kwenye kikao cha wanaume wanaopanga kisasi. Siku hizo mpeleke akakae kwa jamaa wa mbali mpaka joto lipoe.

Mwisho ni siku ya baba kufunguliwa, ambayo watu huipangia sherehe badala ya masharti. Kabla hajarudi, amua atalala wapi, nani atakuwepo anapokutana na mtoto, na nani utampigia simu mambo yakiharibika. Kama aliwahi kukupiga, wakutane nje ya nyumba yako, kukiwa na mtu mzima wa tatu. Akipandisha sauti mara ya kwanza, usisubiri ya pili: mshike mtoto mkono, mtoke, kisha ndipo upige simu.