Namna ya Kumfahamu Ngisi Mkubwa wa Bahari Kuu kwa Kuanzia na Ngisi wa Sokoni

Anayetaka kumjua ngisi mkubwa wa bahari kuu, ambaye wanasayansi humwita Architeuthis dux, asianze na picha za kutisha zinazosambazwa mitandaoni. Aanze sokoni. Nenda asubuhi Feri ya Dar es Salaam, au soko lolote la samaki lililo karibu nawe, ununue ngisi mmoja mbichi ambaye hajasafishwa, kwa sababu mpangilio wa viungo utakaouona katika mwili wake ndio alionao pia yule wa mita 10 na zaidi.

Mlaze kwenye sinia pana na uhesabu kwanza minyiri yake. Mifupi ni minane; miwili mirefu, ambayo hutumika kukamatia mawindo, mara nyingi hujificha katikati ya mingine, kwa hiyo itafute kwa subira. Kisha pima kwa rula kiwiliwili peke yake, kuanzia ncha ya nyuma hadi ukingo ulio karibu na kichwa, na uandike kipimo hicho kando na urefu wa mwili mzima. Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Mnyiri mrefu ukivutwa hunyumbuka sana, na hiyo ni sababu mojawapo ya taarifa za zamani kuzungumzia ngisi wa mita 18, ilhali jike mkubwa hufikia takribani mita 12 au 13, na kati ya hizo kiwiliwili huchukua mita 2 na ushei tu. Ukisoma habari yoyote ya ngisi wa ajabu, tafuta kwanza kipimo cha kiwiliwili. Kisipotajwa, usiupokee urefu huo upesi.

Sasa mgeuze, upande wenye mrija wa kutolea maji uwe juu, umpasue kwa mkasi bila kuzamisha ncha, usije ukatoboa kifuko cha wino. Utaona matamvua mawili, na kwenye shina la kila moja moyo mdogo. Moyo wa tatu, unaosukuma damu mwilini kote, uko katikati. Minya pale minyiri inapokutana, na mdomo mgumu unaofanana na wa kasuku utachomoza. Uoshe, uukaushe, uuhifadhi, kwa maana sehemu hii ndogo imebeba sehemu kubwa ya elimu yetu: mwaka 1857 mwanasayansi Japetus Steenstrup wa Denmark alimpa ngisi mkubwa jina la kisayansi akitegemea mdomo wa mmoja aliyetupwa ufukweni, na midomo ya namna hii, ambayo haisagiki tumboni, ndiyo iliyoonyesha kwamba ngisi hao huliwa na yule nyangumi mwenye meno aliye mkubwa kuliko wote. Nyama ya ngisi wako inafaa kupikwa. Ile ya ngisi mkubwa imejaa kloridi ya amonia, chumvi inayomsaidia kuelea na inayomfanya asilike.

Baada ya hapo ndipo utazame picha za walio hai, nazo ni chache mno. Watafiti wa Kijapani Tsunemi Kubodera na Kyoichi Mori walipata za kwanza za ngisi huyu katika makazi yake ya asili mwaka 2004, mita 900 chini ya bahari karibu na visiwa vya Ogasawara, Japani. Mwaka 2012 Edith Widder, mtafiti wa bahari kutoka Marekani, alitumia kamera yenye mwanga mwekundu, ambao viumbe wengi wa kilindini hawauoni, pamoja na chambo cha taa kilichoiga mng'ao wa kiwavi cha baharini anaposhambuliwa, na ngisi akaja mwenyewe. Ninavutiwa sana na ubunifu huo, kwa kuwa ulitokana na kufikiri anachokiona mnyama gizani. Kwa kila video utakayoletewa, uliza ilipigwa wapi, katika kina gani, na nani.

Uliza pia ukubwa, hasa kwa viumbe wenye majina ya kuogofya. Vampyroteuthis infernalis, ambaye jina lake linamaanisha ngisi mnyonya damu wa kuzimu, hufikia sentimita 30 hivi, hanyonyi damu ya yeyote, na hula mabaki ya viumbe yanayodondoka taratibu kutoka maji ya juu.